Simba Jike wa Nairobi
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Chilangala, juu ya vitabu vya mwanamke mpelelezi



Barua ya Bwana Katibu ilitutaka tuje kusema juu ya Faida ya Kusoma. Tuliipokea kwa heshima, lakini tulipokaa kuitafakari tuliona hatari yake. Hotuba za jina hilo tumezisikia nyingi, na katika ile ya mwisho wanachama watatu walisinzia. Nasi, tusifiche, tulikuwamo miongoni mwao. Kwa hiyo twaomba ruhusa ya mkutano tuseme juu ya vitabu vilivyotunyima usingizi, na faida ya kusoma itajionyesha yenyewe kama ipo.

Kwanza tueleze jinsi vitabu hivyo vilivyotufikia. Mwanachama mwenzetu alisafiri kwenda Nairobi kwa shughuli ya ukoo wake. Huko, kando ya njia, wako watu wauzao vitabu vilivyokwisha kusomwa, wamevitandaza chini juu ya turubai kama dagaa sokoni. Alichagua kimoja kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo na jina lake lilitaja simba. Aliporudi Newala alikuwa amekwisha kukimaliza njiani, naye alitukabidhi kwa sharti moja: tusimwulize mwisho wake, wala tusimwambie mtu mwingine.

Jioni ile tulikaa barazani. Mmoja wetu alisoma kwa Kiingereza, mwingine akafasiri kwa Kiswahili kifungu baada ya kifungu, ili watu wa nyumbani nao wasikie. Mama mmoja alikuwa akibangua korosho karibu na mlango. Tulipofika sura ya tatu tuliona mikono yake imesimama. Tulipotaka kufunga kitabu kwa sababu ya usiku, alituambia, "Mkikifunga hicho, kesho hampati uji." Tukaendelea. Nasi twakiri mbele ya mkutano huu kwamba mama yule alimtambua mwenye hatia kabla yetu, ijapokuwa sisi ndio tuliokuwa na kitabu mkononi. Neno hili twaomba mlishike, maana tutalirudia.

Kitabu hicho ni cha kwanza katika mfululizo wa hadithi za upelelezi zilizoandikwa na Bibi Suzanne Arruda, mwandishi wa Marekani. Jina lake ni Mark of the Lion, maana yake Alama ya Simba, nacho kilitolewa mwaka 2006. Cha pili, Stalking Ivory, kilifuata mwaka 2007, na baada yake vimekuja vingine. Mwandishi huyu zamani alikuwa mtunzaji wa wanyama katika bustani ya wanyama, kisha akawa mwalimu wa elimu ya viumbe. Jambo hili laonekana katika maandishi yake. Mnyama hatajwi kuwa pambo la njia tu. Utajua anatembeaje, anakula nini, na ni saa ngapi za usiku husikika.

Mpelelezi wake ni mwanamke kijana, jina lake Jade del Cameron. Ni Mmarekani aliyelelewa katika shamba la mifugo, ajuaye bunduki na farasi. Katika vita kuu ya kwanza, iliyoanza mwaka 1914 na kwisha 1918, alikuwa dereva wa gari la kuchukua majeruhi huko Ufaransa. Rubani mmoja aliyekuwa akimpenda alianguka na ndege yake, na kabla ya kukata roho alimwachia wasia: amtafute ndugu yake ambaye hakupata kumjua. Njia ya wasia ule ilimleta Nairobi mwaka 1919, mahali ambapo baba wa rubani yule alikuwa amekufa kifo chenye maswali mengi. Anapofika akuta watu wanaogopa mchawi anayesemwa kuwa aweza kuwatuma wanyama wakali, au kujigeuza mmoja wao. Yeye hacheki hofu ya watu, wala haimezi nzima. Auliza: nyayo ziko wapi? Nani alikuwapo? Nani amepata faida? Watu wa nchi wakampa jina, nalo lakaa ndani ya kitabu cha Kiingereza bila kubadilishwa: Simba Jike.

Hatutawaambia mwisho wake. Twasema tu kwamba katika cha pili bibi huyu aenda mlima Marsabit kupiga picha za tembo, akakuta tembo waliouawa na pamoja nao askari wa Keya ameuawa. Katika vingine aenda Moroko kumtafuta mama yake, na tena apanda Kilimanjaro pamoja na kundi la wacheza sinema. Yuko kijana Mkikuyu aitwaye Jelani, mwenye akili na ulimi mkali, na yuko duma aliyefugwa aitwaye Biscuit, ambaye watoto wetu walitaka tumsome mara mbili.

Mabwana na mabibi, huenda mmoja akauliza: Hadithi za kubuni zawafaa nini watumishi? Twajibu hivi. Kazi ya mpelelezi na kazi ya karani ni ndugu wa tumbo moja. Karani mwema hupokea barua akatazama tarehe yake, akatazama tarehe ya muhuri wa posta, akajua kwamba mwandishi amesema uongo juu ya siku aliyoiandika. Hutazama stakabadhi mbili akaona wino ni mmoja na mkono ni mmoja, ingawa majina ni mawili. Hakuna mtu anayempigia makofi. Kumbe ndiyo kazi ile ile ambayo wengine huinunulia vitabu. Hadithi njema ya upelelezi ina haki ndani yake: mwandishi hutuonyesha kila kitu alichokiona mpelelezi, halafu hutuacha tushindwe kwa uvivu wetu wenyewe. Mtu aliyekwisha kushindwa hivyo mara tano huanza kuyasoma majalada ya ofisi kwa jicho jingine.

Wala si jambo jipya kwamba mpelelezi awe mwanamke. Mwingereza Agatha Christie, aliyeishi tangu 1890 hata 1976, alimtunga Miss Marple, mwanamke mzee wa kijijini, mfuma sweta, ambaye kitabu chake kirefu cha kwanza kilitolewa mwaka 1930. Mzee huyu hakutumia bastola. Alijua tabia za watu wa kijiji chake, na kila jambo la dunia alilipima kwa tabia hizo. Mwaka 1998 Alexander McCall Smith alimtunga Bibi Precious Ramotswe wa Botswana, aliyeuza ng'ombe za urithi wa baba yake akafungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone. Lakini huyu wa Nairobi ametugusa zaidi kwa kuwa siku zake ni siku za babu zetu, na vita vilivyomjeruhi moyo vilipita hapa penye miguu yetu.

Hapa ndipo furaha yetu ilipoanza kuingiwa na swali, nasi twaona si haki kuvisifu vitabu bila kulitaja.

Nairobi ya vitabu hivi imejaa walowezi, mashamba ya kahawa, hoteli na safari za uwindaji. Mwandishi hakuwatukana watu wetu. Awapa heshima na maneno ya akili. Hata hivyo wengi wao ni wapagazi, wapishi na wasoma nyayo, nao hukaa pembeni mwa taa. Hata jina la Jelani, kwa masikio yetu, ni jina la pwani, jina la Kiislamu, si la nyumba ya Kikuyu. Ni kosa dogo, lakini laonyesha mtu aliyetazama nyumba kutoka barabarani, asiingie ndani.

Nani basi alikuwako Nairobi siku zile, asiyeonekana katika vitabu? Alikuwako Harry Thuku, mtumishi mwenzetu, aliyekuwa mpokea simu katika ofisi ya Hazina, akasimama kuupinga ushuru, kipande na kazi za kulazimishwa. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 ya mwezi ule watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kutaka afunguliwe. Wanaume walipoanza kusita, mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru alisimama akawaaibisha, akiwataka wampe suruali zao na wao wachukue nguo yake. Watu wakasogea mbele, bunduki zikapigwa, naye akaanguka miongoni mwa wa kwanza. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa, na wengine walisema walizidi. Huyo hakuwa wa kubuni. Mwaka huo huo wa 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika, ambacho vyama kama hiki chetu huhesabu kuwa shina lao. Kwa hiyo siku za Simba Jike ni siku za mwanzo wetu wenyewe. Ila katika vitabu vyake sisi hatujazaliwa.

Tena tuzitazame nchi zetu, Masasi na Newala. Mwaka 1876 Askofu Steere alikuja Masasi na watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakajenga. Mwaka 1882 Magwangwara wakaja wakaua na kuteka. Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, misioni ya Masasi ikachomwa moto. Kisha vita vya Wazungu. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma, na mwezi Oktoba wakaishika ngome ya Newala. Mwezi wa Novemba Wajerumani wakawazingira, wakawatenga na maji ya bondeni, na Wareno wakakimbia usiku. Mwaka 1917 wakaja Waingereza. Mwezi Oktoba pakawa na mapigano makali ya Mahiwa, na Novemba von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma, na kikosi cha Tafel kikajisalimisha karibu na Newala. Bendera tatu katika ngome moja kwa muda wa miezi kumi na minne! Mtunzi wa hadithi za upelelezi atake nini zaidi? Wangapi walipeleka habari kwa huyu na kwa yule? Ghala za nani zilifunguliwa? Wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu, ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Nairobi, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa, na wengi hawana kaburi wala mstari katika daftari. Kila mmoja ni faili ambayo haijafungwa.

Twajua mtasema: Waafrika nao wametunga. Naam, nasi twajivuna. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918, alitupa Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958, ikatolewa kuwa kitabu mwaka 1960, na nyingine zikafuata hata Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Angalieni: mtu huyu kabla ya kuingia katika kazi ya magazeti alikuwa mkaguzi wa Idara ya Afya. Na Shaaban Robert, ambaye hatuna haja ya kumweleza, alikuwa karani wa forodha. Naye ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, ili maisha ya mwanamke mwimbaji yasipotee. Kwa hiyo asiinuke mtu hapa aseme kwamba kutunga si kazi ya watumishi. Lakini Bwana Msa ni mwanamume. Twauliza: yuko wapi Bi Msa?

Tulipofika katika swali hili, barazani kwetu, yule mama wa korosho alisema, "Mnamtafuta mbali. Hamkumbuki kisa cha kisima?" Tukakikumbuka, tukanyamaza kwa haya. Twaomba tukisimulie, maana ndicho kilichotuleta mbele yenu.

Tulikisikia tulipokuwa wadogo kutoka kwa mzee mmoja, karani aliyestaafu, ambaye alikuwako. Hatutataja ofisi wala majina ya wenye kesi, kwa kuwa wajukuu wao tunasalimiana nao njiani. Zilikuwa siku za kodi ya kichwa, kabla mabomba hayajafika uwandani. Ninyi wazaliwa wa hapa mwajua maana ya maneno hayo. Uwanda wetu wa Makonde una ardhi njema na upepo mwema, lakini maji hayakai juu yake. Hunywewa na mchanga, hutokea chini kabisa, bondeni. Mama zetu waliteremka magenge na kuyapanda na mitungi kichwani, saa nyingi kwenda na kurudi.

Tarishi mmoja alipewa mfuko wa fedha za kodi, umetiwa muhuri, aupeleke bomani. Usiku ukamkuta njiani, akalala nyumbani kwa mtu mwenye heshima zake. Asubuhi mfuko haukuwapo. Mwenye nyumba akapiga kelele kabla ya wote. Barazani akatoa ushahidi: "Alfajiri nilimsikia akitoka. Nikamfuata kwa mbali. Akateremka mpaka kisimani. Hapakuwa na mtu ila yeye peke yake. Nikamwona anafukua mchanga, anaficha kitu. Nikaogopa, nikarudi." Watu wakaenda kufukua, na kweli, wakauona mfuko mtupu, muhuri umevunjwa. Tarishi akalia, akaapa, lakini nani amwamini? Mfuko ulikuwa mkononi mwake, na shahidi alikuwa mtu mzima. Wazee wa baraza wakatikisa vichwa. Karani akachovya kalamu.

Kando, chini ya mwembe, alikuwa amekaa bibi kizee aliyekuja kwa shauri lake la mbuzi, akingoja zamu. Akainuka, akapiga magoti, akasema, "Wakubwa wangu, nisameheni. Naomba nimwulize baba huyu swali moja la maji." Watu wakacheka, lakini mkubwa wa baraza akamruhusu.

"Baba, ulifika kisimani alfajiri?"

"Alfajiri."

"Mwezi huu huu wa Oktoba?"

"Juzi tu, bibi. Umesahau?"

"Na hapakuwa na mtu?"

"Hata mmoja. Nimekwisha kusema."

Bibi akawageukia wanawake waliokuwa nje ya uzio. "Wanangu, mmesikia? Oktoba, alfajiri, kisimani hapana mtu."

Wanawake wakapiga vigelegele vya dhihaka, na wanaume wakatazamana bila kuelewa. Ndipo bibi akaeleza, taratibu, kama mtu anayewafunza watoto. Wakati wa kiangazi kikali chemchemi ile haitoki, hudondoka. Mtungi mmoja hujaa kwa muda mrefu. Kwa hiyo wanawake huteremka tangu jioni, hupanga mitungi yao kwa zamu, hulala pale pale juu ya kanga zao, na alfajiri ndiyo saa ya wingi kuliko zote. Kisima huwa kitupu adhuhuri, wakati maji yamekwisha na wanawake wamepanda kurudi. "Baba huyu alikiona kisima kitupu," akasema, "sisemi alidanganya. Ila alikiona mchana, mwanamume aendapo kisimani mchana ana shughuli gani?"

Wakaitwa wanawake waliolala kisimani usiku ule. Walikuja saba. Hakuna aliyemwona tarishi, wala hakuna aliyemwona shahidi. Nyumba ya shahidi ikapekuliwa, na fedha zikaonekana chini ya mtama. Tarishi akafunguliwa, akarudi kwa watoto wake.

Mabwana na mabibi, sisi tuliposikia kisa hiki utotoni tulimshangilia bibi. Lakini mzee karani hakushangilia. Alikaa kimya, kisha akatuambia neno ambalo hatukulielewa mpaka tulipokuwa watu wazima na kalamu zetu wenyewe. Alisema: "Jioni ile niliandika katika daftari, kwa mwandiko wangu mzuri: Baraza limechunguza, na imebainika kwamba tarishi hana hatia. Baraza halikuchunguza kitu, wanangu. Aliyechunguza alikuwa amekaa chini ya mwembe akingoja shauri la mbuzi. Sikumwandika. Sikumwuliza hata jina la baba yake. Baadaye nilitaka kumtafuta, na alikuwa amekwisha kufa."

Hilo ndilo jambo letu. Tulifurahi na Simba Jike wa Nairobi, na tutaendelea kufurahi naye. Twawashauri mumsome, wala msione haya kuisoma hadithi ya kubuni baada ya kazi ya siku. Lakini yeye ameandikwa na mtu wa mbali aliyepata taabu ya kutafuta habari za nchi isiyokuwa yake, kwa upendo na kwa bidii. Bibi wa kisimani alikuwa wetu, mbele ya macho yetu, na karani alikuwa na wino. Ikiwa vitabu vya watu wengine havituonyeshi, tusikimbilie kuwalaumu watunzi wake kabla hatujayatazama madaftari tuliyoyaandika sisi.

Tena tufikiri: kwa nini wazee wa baraza hawakuliona lililokuwa wazi kwa kila mwanamke wa uwanda? Si kwa upungufu wa akili. Walikunywa maji yale kila siku. Hawakupata kuuliza yamekujaje. Hatari ya tarishi yule haikuwa uongo wa shahidi peke yake. Ilikuwa baraza lililojaa watu wasiojua habari za maji, na waliozijua wamewekwa nje ya uzio. Nasi, ambao katika makabila yetu, Wamakonde, Wayao na Wamakua, twahesabu ukoo kwa upande wa mama, ilitupasa tujue hayo kabla ya wengine.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaleta maombi matatu, nasi tumekwisha.

La kwanza, kila mwanachama mwenye kitabu cha kupendeza asikifungie kabatini. Akipitishe, na wanachama wakisome kwa sauti nyumbani, wakifasiri, mbele ya mama zao, wake zao na binti zao. Tumekwisha kuona kwamba wao huwajua wenye hatia kabla yetu.

La pili, kila tawi limtafute mzee mmoja, na hasa bibi mmoja, akumbukaye aliyohadithiwa na mama yake juu ya miaka ya njaa, ya vita, ya wapagazi na ya safari za kisimani, na karani mmoja aandike. Aandike kama alivyoambiwa, bila kupamba, na juu ya karatasi atie jina la msimuliaji, jina la mama yake, na kijiji chake. Msimuliaji akikubali, gazeti letu litapiga chapa. Huenda mwenzetu mmoja, mwenye kipaji tusichokuwa nacho sisi, akayasoma hayo akatutungia mwanamke mpelelezi wa uwanda wa Makonde, mwenye mtungi kichwani, katika Newala ya 1916 yenye bendera tatu. Tutakuwa wa kwanza kukinunua.

La tatu ni dogo, nalo ndilo gumu. Kesho asubuhi tutakaporudi mezani, kila tutakapotaka kuandika maneno "imebainika", tusimame kidogo tuulize: imebainishwa na nani? Kisha tuandike jina lake.

Tumetazama huku na huku tangu tulipoanza, na twafurahi kuona kwamba hakuna aliyelala.